Kinyesi cha Ndama wa Mwamini Kilivyofika Nairobi

Nilishona sanduku la barafu pande zote, likafungika kama godoro, halafu ndipo nikakumbuka kwamba barafu huyeyuka na lazima iongezwe. Ninyi mnaokuja barazani kila jioni kuniuliza ilikuwaje huko njiani, naanza na hilo, maana taabu nyingi zilitoka hapo. Mimi ni fundi cherehani. Ukinipa kitu chenye pande, nakishona. Nilikata turubai, nikatia pamba katikati, nikalizungushia lile sanduku, nikapiga mshono wa kurudia mara mbili. Mke wangu aliniangalia, akauliza nitaongeza barafu kupitia wapi. Nikamwambia asiingilie kazi ya mafundi. Basi la kwenda Uganda lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri.

Mnanijua. Mimi hata kupanda mlima wa Rebero, hapo hapo Kigali, naaga. Nimezaliwa Biryogo, nimesoma sekondari hapa hapa Kigali, nimeoa nyumba ya nne kutoka kwetu, na babu yangu aliyetoka pwani na bidhaa zake alitembea kwa niaba ya ukoo mzima. Kwa nini basi mimi ndiye niliyepelekwa Nairobi, wakati Biryogo imejaa madereva na wachuuzi?

Sababu ni ng'ombe. Kwa wasioishi mtaani kwetu: jirani yangu Mwamini ni mjane, na nyuma ya nyumba yake anafuga ng'ombe mmoja, Gaju, ambaye mtaa mzima unakunywa maziwa yake. Kati ya Gaju na baraza yangu kuna ua wa matete tu. Nzi wanaamka kwake, wanakuja kushinda kwangu juu ya magauni meupe ya maharusi. Kwa hiyo ndama wa Gaju alipoanza kuhara, na watoto wa mtaa wakaanza kuhara pia, sauti ya kwanza kusema ndama ndiye aliyewaambukiza ilikuwa yangu, na ilikuwa kubwa. Konseye wa sekta, kiongozi wa kata yetu, akaja, akasikiliza, akasema ikijulikana kuwa ni kweli, Gaju na ndama wake watahamishiwa Rebero kwa shemeji yake Mwamini. Hakuna mteja atakayepanda mlima kila asubuhi kwa kikombe cha maziwa. Mwamini alilijua hilo, na mimi nililijua pia.

Veterineri wetu, daktari wa mifugo, kijana Straton, ndiye aliyesema tusigombane kwa kubahatisha. Kuna mwenzake waliyesoma naye, yuko maabara Nairobi, anaweza kutazama urithi ulio ndani ya virusi vyenyewe na kusema kama virusi vya ndama na vya watoto ni vya ukoo mmoja. Alikusanya kinyesi katika vichupa, cha ndama na cha kila mtoto aliyeugua, akavitia namba, akaandika kwenye karatasi ipi ni ya nani. Angekwenda mwenyewe, ila Gaju hakupenda jinsi ndama wake alivyoshikwa. Alimpiga teke moja tu. Straton akawekwa plasta mpaka gotini.

Akanichagua mimi. Mwamini akasema nitavimwaga vile vichupa mtoni, nirudi na uongo. Straton akamjibu taratibu, "Huyu ndiye adui wa ng'ombe. Akirudi akasema ng'ombe hana kosa, nani atabisha?"

"Na akirudi akasema iko na kosa," Mwamini akasema, "mimi nitabisha."

Konseye akaamua kwamba jibu nitakalolileta, lolote liwe, ndilo litakalofuatwa. Habari za vibali na tiketi siwasimulii, zilinichosha wakati ule na zitawachosha ninyi sasa.

Nyabugogo hadi Gatuna

Nilipanda basi kituo cha Nyabugogo na sanduku mapajani, nimevaa koti la kazi lenye sindano na uzi kwenye ukosi, maana sikuwa nimelivua tangu jana yake. Hilo lilikuwa jambo pekee la akili nililofanya, nalo nililifanya kwa kusahau.

Pembeni yangu aliketi mama mmoja mnene, mcheshi, mfanyabiashara wa vitambaa anayerudi kwao Kampala. Jina lake Nakato. Kabla hatujamaliza kona za Rulindo alikuwa ameshapapasa turubai langu na kusifu mshono. Nikafurahi. Akauliza linafunguliwa wapi. Nikatazama nje, nikamwonyesha mashamba ya chai.

Mpakani Gatuna, upande wetu, ofisa alisoma barua ya Kifaransa niliyopewa na Straton, akacheka mpaka akaita wenzake, akatupitisha. Upande wa Uganda hawasomi Kifaransa. Kijana wa forodha aliligonga sanduku kwa kidole, akauliza kuna nini ndani.

"Mavi," nikasema.

Akavuta pumzi. "Mzee, nimekuuliza kwa heshima."

Nikamwambia nami nimemjibu kwa heshima, ni mavi ya ndama na ya watoto, yanakwenda kupimwa. Akaniambia watu wa magendo wamemletea dhahabu ndani ya mkate na ndani ya mguu wa bandia, kwa hiyo nifungue. Nikatoa sindano, nikaanza kufumua. Mshono wa kurudia mara mbili haufumuliwi kwa haraka. Basi lilipiga honi, abiria wakashuka, wakatuzunguka, kila mmoja akitaka kuiona dhahabu.

Sanduku lilipofunguka alichagua kichupa kimoja, akakiinua juani, akakitikisa. Nikamsihi asikifungue. Akalegeza kifuniko kidogo tu. Alikikaza, akakirudisha kwa ncha za vidole, akaenda kunawa, akarudi akanishikilia turubai kwa upole wakati nikishona, kama mtu anayemsaidia mfiwa.

Ndiyo, nilishona tena. Nakato aliniuliza kwa nini. Mkono ulishazoea, nifanyeje?

Kabale na Mbarara

Tangu Gatuna nilisafiri kama waziri. Habari ya vichupa ilikuwa imefika kiti cha mwisho, na watu walijibana wao kwa wao ili kuniachia nafasi. Nakato peke yake ndiye aliyebaki karibu. Alisema amelea watoto na wajukuu, hakuna kinyesi kinachomtisha.

Kabale gurudumu lilipasuka. Kuna baridi pale ambayo sikujua kama inapatikana bila kupanda ndege. Tulikaa kwenye kibanda, tukanywa chai na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, vyenye ladha kupita nilivyostahili, huku dereva na utingo wake wakilaumiana kuhusu jeki. Mimi niliifurahia baridi kwa ajili ya sanduku. Nilikuwa nikiliwekea sikio kusikia maji. Nilianza kuyasikia tulipokaribia Mbarara.

Mbarara nikaona duka la soda, chupa zimelala ndani ya pipa la barafu. Nikaingia na Kiswahili changu chote cha Biryogo, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, nikamwambia mwenye duka nataka barafu, sasa hivi, basi linaondoka. Yule baba alisimama wima. Akanijazia mfuko, akaukabidhi kwa mikono miwili, na nilipotaka kumlipa akarudi nyuma. "Hapana, afande. Chukua tu, afande."

Nikatoka nimeduwaa. Nakato alicheka mpaka akashika nguzo. Akanieleza kwamba huko kwao, kwa miaka mingi, mtu aliyeingia dukani akisema Kiswahili kwa sauti alikuwa na bunduki, na hakuja kununua. Mimi, ambaye mke wangu ndiye anayechinjiwa kuku kwa jirani kwa sababu siwezi kutazama, nilikuwa nimepora duka. Nikarudi, nikaweka pesa juu ya kaunta, nikaomba radhi kwa sauti ndogo. Sidhani kama niliyasawazisha mambo. Mwenye duka alisimama wima zaidi.

Kisha nikafumua, nikatia barafu, nikashona.

"Fundi," Nakato akasema, akinitazama. "Huko kwenu Kigali vifungo havijafika?"

Nimeshona vifungo vya nusu ya mashati ya Kigali. Nililala usingizi wa aibu mpaka Masaka.

Kampala

Tuliachana kwenye kituo cha mabasi, lakini si kabla hajanipeleka kwa dada yake kula. Kwanza niliuliza nani kachinja, nikaambiwa leo hakuna aliyechinja chochote, ni matoke na mchuzi wa karanga. Ndizi zetu nyumbani tunazipika zikiwa vipande. Wao wanaziponda, wanazifunga kwenye majani, zinatoka laini, njano. Nilikula mpaka nikaona haya, na dada mtu akaniongeza bila kuuliza.

Nakato alifungua kopo, akachagua vifungo vikubwa vya koti, vya kahawia. Nikakaa mlangoni, nikatengeneza matundu ya vifungo kwenye turubai, nikayazungushia uzi vizuri. Lilipofunguka na kufungika mbele yangu kama koti la bwana harusi, nilitamani kumwandikia mke wangu barua. Nikakumbuka aliyoyasema, nikaona barua haina haraka.

Wakati naaga, Nakato aliuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza njia nzima. "Na wewe unaomba jibu liwe lipi?"

Nikamwambia ninaomba tu niwarudishe nzi kwao. Akanitazama, akasema, "Mjane na ng'ombe mmoja," akanifungia ndizi za njiani.

Malaba

Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ni mahali pa kungoja. Malori yamepanga mstari, madereva wananyolewa ndevu chini ya matela, watu wanaanzisha urafiki na kuumaliza. Abiria wenzangu, walipojua ninachobeba, walinisukuma mbele ya foleni. Walidhani ofisa akinusa mara moja hatataka kukagua mizigo mingine.

Walikosea. Huyu wa Malaba alikuwa mfugaji. Nilifungua vifungo vyangu kwa madaha, akachungulia, akasoma neno "ndama" kwenye karatasi, akavuta kiti akaniketisha.

"Wangu naye anahara tangu Jumapili," akasema. "Nifanye nini?"

Nikataka kumwambia kuwa mimi ni fundi nguo. Lakini nilikuwa nimeishi upande wa pili wa ule ua wa matete, na nilikuwa nimeona yote bila kukusudia. Nikajikuta namweleza jinsi Mwamini alivyochemsha maji, akayapoza, akatia chumvi kidogo na sukari, akamnywesha yule ndama kidogo kidogo kwa chupa, asubuhi, mchana na jioni, akimwimbia. Jinsi alivyomfunika gunia mvua ilipokuja. Jinsi alivyotoa mavi nje kila mara na kunawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Ofisa akauliza kama ndama alipona. Nikasema alipona, anarukaruka, ameula ukosi wa shati la mteja wangu. Niliposikia sauti yangu nikashangaa. Nilikuwa najisifia ndama wa watu.

Basi zima lilisubiri nimalize darasa. Hawakunisukuma mbele tena.

Nairobi

Bibi wa maabara, Daktari Njeri, alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na haraka ya watu wa Nairobi. Nilimkabidhi sanduku kama anayekabidhi bibi harusi. Nikamweleza habari ya barafu, kufumua, kushona, vifungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa huruma kwamba virusi vya aina hii ni vigumu kufa, hata barafu ingeyeyuka njiani vingevumilia kidogo. Nikaomba maji ya kunywa.

Nilipangiwa chumba karibu na hapo, nikangoja. Nilikula ugali na sukuma wiki kila mlo kwa kuwa ndivyo nilivyojua kuagiza. Kijana wa hoteli alinisahihisha Kiswahili, mimi nikamsahihisha cha kwake, kila mmoja akamwonea mwenzake huruma.

Siku aliyoniita, Daktari Njeri aliniwekea picha mezani. Akaeleza, nami nitawaeleza kama nilivyoelewa, mnisamehe. Ndani ya kila kirusi cha namna hii kuna urithi wake, kama yale tunayorithi sisi kwa baba na mama, ila wake umegawanyika vipande vifupi na virefu. Wanavitoa vile vipande, wanavitia kwenye kitu kama jeli, wanapitisha umeme. Vifupi vinapenya upesi, vinafika mbali. Virefu vinachelewa nyuma. Halafu wanapaka dawa yenye madini ya fedha, na kila kipande kinaonekana kama mstari mweusi. Virusi vya ukoo mmoja vina mistari iliyopangika sawasawa. Vya ukoo mwingine, mistari inakaa pengine.

Sikuhitaji zaidi. Nimeuza vikoi. Mtu akiniletea vipande viwili vya kikoi naweza kumwambia kama vilitoka kwenye jora moja. Nikainama juu ya picha. Safu ya ndama ilikuwa ya kwanza. Safu za watoto zilifuata, na zote zilifanana, mstari kwa mstari, na hakuna iliyofanana na ya ndama.

"Kwa hiyo ndama hakuwapa," nikasema. Nasema ukweli, kitu kilinishuka kifuani, na sikuwa nimejua kama kilikuwepo.

"Hawa hakuwapa," akasema. "Hawa walipeana wenyewe kwa wenyewe. Lakini tazama ya mwisho."

Safu ya mwisho ilikuwa pembeni. Nikaitazama, kisha ya ndama, kisha ile tena. Jora moja.

"Huyu mtoto na ndama wana virusi vya ukoo mmoja," akasema. "Mistari hainiambii nani alimpa nani. Lakini mtoto mdogo na ndama mgonjwa, mimi ningedhani vilitoka kwa ndama. Hutokea, vinaruka kutoka mnyama kwenda kwa mtu. Si kila siku. Mtoto huyu ni wa nani?"

Nilitazama namba kwenye karatasi ya Straton. Ilikuwa ya Zuhura, binti yangu, ambaye nimemkataza tangu ajue kutembea asivuke ule ua.

"Ni wangu," nikasema.

Kisha akauliza wale wengine huwa wanakutana wapi. Nikasema wakitoka madrasa wanapita barazani kwangu. Wanafanya nini barazani? Wananikoroga akili, nikasema, na wanakunywa maji. Kuna mtungi. Akauliza kuna vikombe vingapi. Nikasema kimoja, nimekifunga kwa uzi wa jeans kwenye mguu wa meza ili kisipotee.

Daktari Njeri hakucheka. Alikitazama kile kikombe cha maji alichonipa siku ya kwanza, ambacho nilikuwa nimekishika tena mkononi, akaenda kukiosha mwenyewe.

Kurudi

Alinipa picha, ila nilijua mtaa wetu. Picha nyeusi yenye mistari ya kijivu, mtu ataishika kichwa chini miguu juu na kusema ni mbavu zake. Kwa hiyo njiani nilitoa kitambaa cheupe na uzi mweusi, nikashona safu hizo kubwa, kama zilivyokaa. Safu ya ndama kwanza. Safu za watoto. Na ya mwisho pembeni.

Baada ya kupita Masaka, Mbarara ikiwa mbele yetu, niliifumua ile ya mwisho. Nilijiambia ni mtoto mmoja tu, na amepona. Tena ikionekana, watasema ndama ana kosa, na Mwamini atabisha, na konseye alishasema jibu langu ndilo litakalofuatwa. Isipoonekana, ng'ombe atabaki salama, na mimi nitabaki baba ambaye binti yake anamsikiliza. Nilikaa na kile kitambaa chenye matundu ya sindano. Matundu yanaonekana, kwa mtaalamu na kwa asiye mtaalamu. Tulipofika Kabale nilikuwa nimeishona tena, mstari kwa mstari, na baridi ikinila vidole.

Biryogo

Mlikuwepo wengi, kwa hiyo nitafupisha. Nilitandika kitambaa juu ya meza ya kukatia. Konseye alikaa, Straton akaegemea magongo yake, Mwamini alisimama mlangoni mikono kifuani kama amekuja kuchukua nguo isiyokwisha. Nikawaonyesha. Hii ndama, hawa watoto. Hata bibi wa mmoja wa wale watoto, asiyeona vizuri, alipitisha kidole na kusema hazifanani. Kisha nikawaonyesha ya mwisho, nikataja ni ya nani.

Zuhura aliitwa. Alikiri bila shida, kama anayesimulia sikukuu. Anapita chini ya ua, anampa ndama vidole avinyonye, maana vinamtekenya, halafu anarudi nyumbani kula. Ananawa? Wakati mwingine.

Straton akasema basi imejulikana. Ndama alimpa mmoja, na dawa yake ni sabuni, na maziwa yachemshwe, na ua uzibwe pale chini. Wale wengine wote wameambukizana mahali wanapokunywa pamoja. Macho yakaanza kutafuta mahali hapo, yakapita kwenye cherehani, kwenye pasi, yakateremka kwenye mguu wa meza, yakafuata uzi wa jeans mpaka kwenye kikombe.

Konseye aliuliza nani aliyekifunga pale. Nikasema ni mimi, kwa fundo ambalo halifunguki.

Mwamini alitoka pale mlangoni. Alikuja mezani, akashika kitambaa changu, akakigeuza kutazama upande wa nyuma wa mshono kama wanawake wanavyofanya wanapotaka kupunguziwa bei, akaona ile safu ya mwisho ilivyoshonwa mara mbili juu ya matundu ya zamani. Alinitazama kidogo. Kisha akakirudisha mezani, akakinyoosha kwa kiganja, akasema:

"Basi Baba Zuhura, ng'ombe iko na ruhusa ya kubaki. Mwenye kuhamia Rebero ni wewe na kikombe yako."